Maiki ya Kuuzia Sumu ya Panya

Tangu jino lake la mbele livunjike pale bombani, Mama Mapacha alizoea kuzungumza na watu kiganja kikiwa mdomoni, kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Nyumbani tu ndiko alikokishusha. Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa amekishusha, kwa sababu mkono mmoja ulishika bahasha na mwingine ulikuwa unamnyooshea mumewe kola ya shati.

"Rudia nisikie," alisema.

"Elfu arobaini ya maiki," mumewe akajibu. "Laki ya daktari wa meno. Nikitoka dukani navuka barabara, napanda ngazi, nawapa hela yao, wanakuandika Alhamisi saa tisa."

"Tisa na nusu."

"Tisa na nusu."

"Na risiti."

"Na risiti, mke wangu."

"Na usianze kuyashika shika yale magitaa ya ukutani. Wewe nakujua, utarudi jioni." Akacheka, pengo likaonekana lote, naye wala hakujali.

Huyu mume, mitaani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanamuziki walimwita Solo, kwa kuwa ndilo gitaa alilopiga miaka yote bendi yao ilipokuwa hai. Bendi ilipokufa, jina likabaki. Nyumbani alikuwa Baba Mapacha tu, kwa sababu ya mabinti wawili wa miaka tisa ambao wakati huo walikuwa mlangoni wanagombania kiatu.

Hela ya kwenye bahasha ilikuwa ya Mama Mapacha. Alifanya kazi ya kufungasha dawa kwenye stoo ya duka moja la dawa, na wiki iliyopita mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba nafasi ya kaunta iko wazi, tena yenye mshahara wa kueleweka. "Ila kaunta ndiyo uso wa duka," mwenye duka alisema. "Kashughulikie kwanza hicho kidirisha, halafu Jumatatu uje tuongee." Alikiita kidirisha mbele ya wafanyakazi wote. Wote walicheka. Mama Mapacha naye alicheka, kiganja mdomoni.

Na elfu arobaini alikuwa amemmegea mumewe, kwa sababu Solo naye alikuwa amepata kazi baada ya ukame mrefu. Prodyuza mmoja alikuwa na nyimbo sita zinazotaka gitaa. Solo alimtumia jaribio alilorekodi kwa simu, na prodyuza akampigia siku ileile.

"Mikono yako safi, mzee wangu. Lakini hiyo sauti, utadhani umelifungia gitaa kwenye debe. Tafuta maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya kushika mkononi. Isogeze karibu kabisa na spika ya amplifaya, pembeni kidogo ya katikati. Usijitie kununua ya bei mbaya, hiyo inatosha sana. Kazi naitaka Jumamosi."

Usijitie kununua ya bei mbaya. Solo aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa na mlango wa kioo na feni iliyokuwa ikizunguka ukutani. Muuzaji alimtazama Solo kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka kwenye kola, akaishia hapo.

"Nikusaidie nini, mzee?"

"Maiki. Ya kuweka mbele ya amplifaya ya gitaa."

Muuzaji aliweka mbili juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito kiasi, kichwa chake cha wavu kama kichujio cha chai, imelala kwenye boksi la karatasi lililobonyea pembe. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, pana kama kopo la maziwa, imelazwa kwenye mkoba wa ngozi wenye sponji ndani.

"Hii elfu arobaini," muuzaji akasema, akiigusa ya kwanza kwa kucha. "Hii laki na thelathini. Ni kondensa. Inanasa mpaka pumzi ya sisimizi."

"Hii ya arobaini ni ya dainamiki?"

"Ndiyo. Lakini nikwambie ukweli, mzee, hizi tunawauzia wale jamaa wanaopita na spika mabegani. Wa matangazo. Wanaouza sumu ya panya."

Solo hakuona ubaya. Aliichukua, akaipima uzito kiganjani, akaigeuza akikumbuka maelezo ya prodyuza. Alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni kuifuata bahasha pale mlango wa kioo uliposukumwa, na sauti aliyoifahamu ikajaza duka.

"Siamini macho yangu! Solo! Uko hai?"

Alikuwa Kinanda. Walipiga bendi moja miaka tisa, Kinanda akiwa kwenye kibodi, na bendi ilipokufa yeye aliangukia pazuri. Siku hizi alipiga kwenye mahoteli na alikuwa na chumba chake cha kurekodia. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye miwani ya jua kichwani, na Kinanda akamtambulisha: mwimbaji wake mpya.

"Huyu ndugu yangu unayemwona hapa," Kinanda alimwambia yule mwimbaji, "ndiye aliyekuwa akilipiga solo mpaka watu wanasahau kurudi makwao. Huyu ndiye mwenyewe." Kisha macho yakamshukia mkononi. "Sasa Solo, hiyo ya kuuzia sumu ya panya unaifanyia nini?"

Muuzaji akaangua kicheko. Mwimbaji akatabasamu kidogo, tabasamu la heshima, na lile tabasamu ndilo lililomchoma Solo. Kicheko angeweza kukijibu kwa kicheko. Tabasamu la kumwonea huruma hakuwa na la kulijibu. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akairudisha ile maiki kwenye boksi lake lililobonyea.

"Nilikuwa naiangalia tu," akasema. "Nilikuja kuchukua hii." Akaweka kidole juu ya mkoba wa ngozi.

"Ala!" Kinanda akasema. "Huo ndio ukubwa."

Muuzaji alibadilika papo hapo. Alimwita bosi. Alimfutia maiki kwa kitambaa laini, akamfungia, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kwenye risiti, chini, kulikuwa na mhuri wa wino mwekundu: Mali ikishauzwa hairudishwi. Solo alivuka barabara kama alivyoagizwa. Alisimama chini ya ngazi za daktari wa meno, mkoba kwapani, na kwenye bahasha imebaki elfu kumi. Alisimama pale kitambo, watu wakimpita wakipanda na kushuka. Kisha akaondoka.

"Umelipa?" Mama Mapacha aliuliza kabla hata hajakaa.

"Nimelipa."

"Risiti?"

"Wamesema utapewa siku hiyohiyo, kitabu cha risiti kilikuwa kimeisha."

Uongo ule ulimtoka laini, bila kukwama popote, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Mama Mapacha alikunja uso kidogo, kisha akauachia. Miaka kumi na mbili ya ndoa, mumewe alikuwa amewahi kumchelewesha, kumsahau na kumkera, lakini hela yake hakuwahi kuigusa.

"Na hii ndiyo maiki ya elfu arobaini?" aliuliza, akiupapasa ule mkoba wa ngozi. "Mbona imejaa hivi! Kweli siku hizi wanajua kupamba vitu."

"Wanajua sana," Solo alisema, akainama kufungua viatu.

Jumatano asubuhi, mapacha walikuwa shule, na Mama Mapacha alikuwa na zamu ya mchana, hivyo alikuwa uani anafua. Solo alifunga mlango wa chumba. Alitundika blanketi ukutani ili sauti isirudi, akaisimamisha maiki mbele ya amplifaya yake kuukuu iliyopasuka kitambaa, akaichomeka kwenye kisanduku cha kurekodia alichoazimwa na prodyuza. Alivaa vipokea sauti masikioni, akapiga.

Kwanza alifurahi. Gitaa lilikuja karibu sana, kila uzi ulisikika unavyoachiwa. Lakini alipopunguza kupiga, pale penye mapumziko ya wimbo, akasikia kuku wa jirani. Akasikia bati linavyojinyoosha kwa jua. Akasikia ndoo, na maji, na nguo inavyokamuliwa. Muuzaji hakumdanganya. Maiki ile ilinasa kila kitu.

Aliongeza blanketi la pili. Akarudia. Akafika mapumziko, na safari hii alichosikia kilikuwa sauti ya mkewe, safi kabisa, kana kwamba ameinamia bega lake.

"...jino nawekewa kesho, shoga yangu, saa tisa na nusu. Wala sikupanda hizo ngazi mimi. Mume wangu ameshanimalizia kila kitu."

"Bahati yako," sauti ya jirani ikajibu. "Wangu mimi ukimpa hela ya dawa anarudi na redio."

"Huyu wangu? Huyu hata umpe furushi la hela za watu, atalirudisha na fundo lake." Akacheka, kicheko kirefu cha uani, kisichokuwa na kiganja. "Jumatatu utaniona kwenye kaunta, usinisalimie kwa shobo tu, njoo ununue dawa!"

Vidole vya Solo viliganda kwenye nyuzi. Mashine iliendelea kurekodi. Alikaa akisikiliza mke wake anavyomsifia, akashindwa kuvivua vile vipokea sauti.

Aliujaribu wimbo mara nane. Mwisho alituma rekodi iliyokuwa na kelele kidogo, akitumaini hazitasikika. Nusu saa baadaye prodyuza akapiga simu.

"Mzee wangu, nimesikia kuku, nimesikia ndoo, na nimesikia mama anazungumza habari za jino. Mpe hongera zangu. Lakini hii siyo maiki niliyokwambia."

"Nilipata hii."

"Hiyo ni kondensa. Hiyo inataka chumba kilichozibwa pande zote, siyo cha bati. Mimi nilikwambia ya kawaida. Ina uziwi wake, haisikii kitu ila spika iliyo mbele yake, ndiyo uzuri wake. Kwani ulinunua bei gani?"

Solo alisema mtandao unakatika, akaizima simu.

Mchana ule alirudi dukani na mkoba wake wa ngozi. Muuzaji alimpokea kwa uchangamfu akidhani amekuja kununua kingine. Alipoelewa, uchangamfu ukamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Aliichukua risiti, akaigeuza, akauweka mhuri mwekundu mbele ya pua ya Solo.

"Unasoma?"

"Nasoma. Nilikuwa naomba tu kubadilisha. Nipe ile ya arobaini, unirudishie laki kasoro elfu kumi. Hata kasoro zaidi."

"Mzee, jana ulikuwa bosi hapa. Leo imekuwaje?" Wateja wawili waligeuka kutazama. "Ukitaka, naichukua kama mali iliyotumika. Hamsini."

Solo alitoka. Akapiga moyo konde, akaenda kwa Kinanda. Njia nzima alikuwa anatunga maneno: atasema ameletewa nyingine na ndugu, hivyo hii anaiuza. Alipofika, Kinanda alimfungulia mwenyewe, akiwa na kaptura na kandambili, akamwingiza kwenye chumba cha kurekodia kilichokuwa kidogo kuliko alivyokiwaza, kimebandikwa trei za mayai ukutani.

Katikati ya chumba palikuwa na amplifaya ya gitaa. Mbele yake, imefungwa kwa utepe mweusi kwenye mguu wa stuli, ilining'inia maiki nyeusi yenye kichwa cha wavu kilichobonyea.

Solo aliitazama, akaitazama tena.

"Hiyo si ile..."

"Ya sumu ya panya, ndiyo hiyohiyo," Kinanda akasema. "Mwaka wa nne huu. Imeanguka mara nyingi kuliko mimi. Kwa gitaa la umeme hakuna haja ya makubwa." Kisha alimwona mwenzake usoni, na kicheko kikamfia. "Solo. Usiniambie."

Solo alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, na yale maneno yote aliyoyatunga njiani hayakuwepo tena.

"Ndugu yangu, nilikuwa nakutania," Kinanda alisema taratibu. "Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyekuwa unatufundisha sisi mambo haya. Nikajua utanijibu, nami nitacheka, basi. Ulipoonyesha ile nyingine, nikasema moyoni, alaa, mwenzangu mambo yamemnyookea."

"Huwezi kuinunua?"

Kinanda alitazama dirishani. "Jana dukani nilikwenda kuomba nikopeshwe nyaya. Na wakaninyima, ulivyoondoka tu." Alisimama, akafungua ule utepe mweusi, akaitoa maiki yake, akamkabidhi. "Chukua hii umalizie kazi yako. Utanirudishia Jumapili."

Solo aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kazi ilikuwa imepona. Jino halikuwa limepona.

Usiku ulipita hajasema. Alhamisi asubuhi ilipita hajasema. Saa nane Mama Mapacha alirudi kutoka kazini akiwa ameomba ruhusa, akaoga, akavaa gauni lake la kahawia la kutokea.

"Wewe baki urekodi," alimwambia.

"Nakusindikiza."

"Umekuwa bwana harusi?" Lakini alifurahi, ilionekana.

Solo alikuwa amepanga kumwambia njiani. Kwenye kona ya kwanza alifungua mdomo, Mama Mapacha akaanza kumweleza namna ya kusimama kwenye kaunta. Kwenye kona ya pili alifungua tena, wakakutana na mtu wa kusalimiana naye. Kisha wakawa wamefika, na mkewe anapanda ngazi mbele yake, ameshika gauni lisiburuze.

Chumba cha mapokezi kilikuwa na viti sita, na vyote vilikuwa na watu. Nyuma ya meza aliketi binti mdogo aliyevaa koti jeupe lililompwaya mabega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwekewa jino. Nimeshalipiwa tangu Jumanne." Kiganja kilikuwa mdomoni.

Binti alipitisha kidole kwenye daftari, juu mpaka chini. Akarudia. "Mama, samahani, hapa hujaandikwa."

"Tazama vizuri. Jumanne, kabla ya saa sita."

"Jumanne nililipwa na watu watatu tu, wote wanaume, kwa ajili yao wenyewe."

"Mume wangu alileta hela hapa, mkononi. Laki. Mkasema kitabu cha risiti kimeisha."

"Kitabu hakijaisha, mama. Hiki hapa."

Sauti ya Mama Mapacha ilipanda. Hakuwa mtu wa kelele, lakini ile laki aliijua ilivyotoka, kidogo kidogo, na alianza kuelewa kwamba kuna mtu ameila. Watu wa kwenye viti waliacha kutazama simu zao. Mlango wa ndani ukafunguka, daktari akatoka, mwanamume mnene mwenye glavu mikononi.

"Kuna nini?"

"Hela yangu imeliwa, daktari. Kama si huyu binti, basi mwenzake."

"Hana mwenzake. Yuko peke yake, wiki ya tatu hii." Daktari alimgeukia binti. "Ulipokea?"

"Sijapokea, dokta. Naapa."

"Mimi sina haja ya kuapa," Mama Mapacha alisema. "Mwenyewe aliyelipa yupo hapa. Mwulizeni."

Wote waligeuka wakamtazama Solo, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Na hapo alifanya jambo ambalo baadaye alilionea aibu kuliko yote, kuliko hata maiki. Alisema, "Nilimpa mtu wa mapokezi."

"Mimi?" binti akauliza.

"Simkumbuki sura."

Daktari alivua glavu moja. "Fungua droo. Toa na mkoba wako, weka vitu hapa juu."

Binti hakubisha. Aliumwaga mkoba wake juu ya meza, mbele ya watu sita na wale watatu waliosimama. Kulikuwa na kitana. Kulikuwa na nusu mkate kwenye karatasi. Kulikuwa na sarafu chache za nauli zilizofungwa na mpira, na kitambaa cha hedhi alichokiwahi haraka kukifunika kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye daftari, wino unatawanyika.

"Acheni," Solo akasema. Hakusikika. Akasema tena. "Acheni. Hajala. Sikuleta hela yoyote."



"Hukuleta?" Mama Mapacha akauliza.

"Sikuleta. Niliinunulia maiki."

Alitegemea kelele. Alitegemea hata kofi, na angelipokea kwa shukrani. Mama Mapacha hakumtazama. Alisogea kwenye meza, akaanza kuvirudisha vile vitu mkobani, kitana, mkate, sarafu, kimoja kimoja, kwa upole kama anayemvalisha mtoto. Akaufunga mkoba, akamkabidhi binti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekuvunjia heshima mbele za watu." Akaugeukia ule umati wa kwenye viti, kiganja kikiwa chini, pengo wazi. "Mmesikia wote. Huyu mtoto hana kosa."

Kisha akashuka ngazi.

Walitembea, yeye hatua kumi mbele. Karibu na nyumbani alipunguza mwendo, akamngoja amfikie, lakini macho yakabaki barabarani.

"Bei gani?"

"Laki na thelathini."

"Nani alikuwa dukani?"

Solo alistaajabu. Mkewe hakumwuliza kwa nini. Hakumwuliza alikuwa anafikiria nini. Aliuliza nani alikuwepo.

"Kinanda. Na mwimbaji wake. Walinicheka."

"Walikucheka," Mama Mapacha alirudia. Alitembea kidogo. "Mimi stoo nzima ilinicheka. Nami nikacheka nao, nikarudi nikafungasha dawa. Ungekuja nyumbani ukaniambia umechekwa, ningekukandia hata miguu."



Ijumaa aliubeba mkoba wa ngozi mwenyewe. Alimwambia Solo amsubiri nje ya duka, naye akasubiri, akimwona kwa kioo. Muuzaji alitikisa kichwa, akaonyesha mhuri. Mama Mapacha hakuondoka. Aliendelea kuzungumza, mikono yote miwili juu ya kaunta, mdomo wake wote ukionekana, na wateja waliokuwa nyuma yake wakajaa mpaka mlangoni. Mwisho bosi alitoka ndani. Mama Mapacha alipotoka alikuwa na elfu themanini, ambazo hata ukijumlisha na kumi ya kwenye bahasha hazikutimiza laki. Hakuzungumzia alichosema mle ndani, na Solo hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi alituma nyimbo zote sita, zimerekodiwa kwa maiki ya kuazima iliyofungwa kwenye mguu wa kiti. "Sasa hii ndiyo sauti," prodyuza alisema. "Umeona? Kitu cha kawaida tu." Solo alisema ndiyo, ameona.

Jumatatu Mama Mapacha alikwenda kuongea na mwenye duka la dawa, pengo lake likiwa palepale. Alirudi saa zake za kawaida, na sare yake ya stoo. Nafasi ya kaunta ilikuwa imepewa mtu mwingine tangu asubuhi. "Amesema hakukasirika," alieleza, akiwamenyea mapacha viazi. "Amesema nafasi hazikosi."

Malipo ya prodyuza yalikuja baada ya wiki mbili. Solo aliyaweka yote juu ya meza, hakubakiza hata ya vocha. Mama Mapacha aliyachukua, akashukuru. Alikwenda kwa daktari na dada yake, siku ambayo hakumtajia mumewe. Solo aliliona jino jioni ile, kwa bahati, mkewe alipokuwa anamkemea mmoja wa mapacha kwa kuchafua sare.

"Limekaa vizuri," alisema.

"Asante," Mama Mapacha akajibu, kama anavyomjibu jirani aliyemsogezea ndoo bombani.

Maisha yaliendelea. Walikula pamoja, waliulizana habari za kazi, hata waliwahi kucheka mara moja mbuzi wa watu alipoingia chumbani. Solo aliyahesabu hayo yote kuwa dalili njema.

Kisha ikafika siku ya kulipia umeme. Ofisi ilikuwa mtaa wa tatu, na miaka yote ilikuwa kazi yake. Alivaa shati, akasimama sebuleni akingoja. Mama Mapacha alitoka chumbani na hela mkononi, akampita, akaenda mpaka mlangoni walipokuwa mapacha, akaiweka kiganjani mwa yule mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa dakika ishirini.

"Nenda na baba yako," alimwambia. "Ukifika, toa mwenyewe dirishani. Risiti uniletee mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi za nyumba. Akarudi ndani, Solo akasikia anamimina maji kwenye sufuria.

Waliondoka, mtoto mbele, ngumi ameikaza kwa umuhimu wa kazi aliyopewa, baba nyuma. Dirishani mtoto alilazimika kusimama kwa ncha za vidole. Mtu wa ofisini alimtazama mtoto, akamtazama mtu mzima aliyesimama nyuma yake mikono mitupu, akapokea hela, akapiga mhuri, akasukuma risiti na chenji.

Ngumi ya mtoto ilikuwa ndogo, sarafu zikawa zinamponyoka. Akageuka.

"Baba, nishikie."

Solo aliinama, akaziokota zile zilizoanguka, moja baada ya moja. Akamfungua binti yake kiganja, akazirudisha zote humo, akamkunjia vidole.

"Shika mwenyewe, mama," alisema. "Zinakutosha. Twende."